Picha Isizidi Sinia

Picha ilikwisha kuvuka kizingiti, miguu mbele, mabegani mwa mgambo, na Bi Sikuzani alikuwa nyuma yake amejitanda kanga, akifuata kama mtu anayesindikiza jeneza. Mlango wa nyumba yake ulikuwa mwembamba kuliko sanaa, kwa hiyo wakubwa walikuwa wameung'oa pamoja na miimo yake na kuuegemeza kwenye mpapai. Waliahidi kwamba serikali ingekuja kuurudisha. Serikali ya Tulizana haijawahi kuvunja ahadi. Ahadi zake zote bado ziko nzima, hazijaguswa.

"Polepole huo upande wa kushoto, baba zangu," alisema Bi Sikuzani. "Hapo ndipo alipo mtoto."

"Mama, usitufundishe kazi," alijibu mgambo wa mbele. "Sisi tumeshabeba vitanda vya watu, wenyewe wamelala juu yake na hawakuamka."

Njiani watu walisimama. Muuza mkaa alivua kofia, akauliza kwa sauti ya chini nani kafa. Kidawa, jirani yake Bi Sikuzani, mpika vitumbua ambaye Mungu alimnyima kila kitu isipokuwa mdomo, alimjibu bila kuacha kugeuza vitumbua vyake: "Hajafa mtu. Wamekuja kuchukua picha. Vaa kofia yako kabla nayo haijachukuliwa."

Mbele ya msafara alitembea Dakta Ngulumbi, Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa la Wilaya, mwavuli juu, ingawa hapakuwa na mvua wala jua la kutisha. Alisimama njia panda akahutubia.

"Ndugu wananchi! Leo kazi hii ya mikono inatoka gizani inakwenda kwenye nuru. Ilikuwa inatazamwa na mtu mmoja, tena mjane, tena asiyekuwa na elimu ya kutazama. Kuanzia leo itatazamwa na taifa!"

Watu walipiga makofi. Bi Sikuzani naye alipiga, maana mgambo walikuwa wanaangalia mikono.

Ilikuwa picha kubwa, plaiwudi nzima. Aliichora marehemu mumewe, Fundi Mbaruku, ambaye riziki yake ilikuwa kuchora mabodi ya malori na vibao vya vinyozi, na aliichora kwa rangi zilizobaki: bluu ya lori la mchanga, nyekundu ya bucha, nyeupe ya msikitini. Katikati alijichora mwenyewe amevaa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kando yake alimweka Bi Sikuzani juu ya kiti ambacho hata mkuu wa wilaya hana. Na huko mwisho kabisa wa ubao, mbali kidogo na wazazi, alimchora binti yao Semeni, muhindi wa kuchoma mkononi, pengo la meno mbele, soksi moja imeshuka. Alimchora pembeni kwa sababu mtoto alikuwa hatulii. Kila alipoitwa asimame karibu na mama yake alikimbia, basi baba akamchora hapo alipomkuta.

Semeni alikufa kwa homa kabla lile pengo halijaziba. Ilikuwa siku ya sherehe za taifa, na zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu wauguzi wote walikuwa uwanjani wakicheza halaiki iliyoitwa Afya Mlangoni Pako. Picha nyingine ya mtoto haikuwepo. Baba naye hakukaa sana akamfuata. Bi Sikuzani alikuwa akisema uso wa mtu hauwekeki kichwani kama chumvi ndani ya kopo. Unaukumbuka, unaukumbuka, halafu siku moja unajikuta umechukua pua ya huyu ukaibandika kwa yule. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alisimama mbele ya ubao, akauliza, "Semeni, umeamka?" akamtazama vizuri, ndipo akaenda kwenye mafiga. Hicho tu ndicho alichobakiwa nacho, na hicho ndicho kilichokuwa kinakata kona ya bucha mabegani mwa mgambo.

*

Asiyeijua Tulizana atauliza sanaa iliingiaje huko. Iliingia kwa ndege. Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa amekwenda ughaibuni kuomba mahindi, na wenyeji wake, kwa kuwa hawakuwa na nia ya kumpa mahindi, walimpeleka kutazama picha. Humo ndani Mlezi aliona jambo lililomfanya atoe leso. Halikuwa picha. Walikuwa watu. Watu wazima, wamevaa viatu, wamesimama mbele ya ukuta, mikono videvuni, kimya. Hakuna aliyedai maji. Hakuna aliyeuliza habari za barabara. Mmoja aliinamisha kichwa upande, akaguna, akasogea kwenye picha ya pili.

"Wanafanya nini hawa?" aliuliza Mlezi.

"Wanathamini sanaa, Mtukufu."

"Na wakimaliza kuthamini?"

"Wanakwenda nyumbani, Mtukufu."

Mlezi alirudi bila gunia hata moja, lakini alirudi na dira. Palepale uwanja wa ndege alitangaza kwamba kila wilaya iwe na Jumba la Sanaa, na kila mwananchi athamini angalau siku moja katika wiki. Katika wilaya ya Bi Sikuzani Jumba lilipatikana upesi, maana lilikuwepo ghala la chakula cha njaa ambalo halikuwa na kazi tangu njaa ilipoanza. Shida ilikuwa watu wa kukusanya sanaa. Serikali ilitafuta mtu aliyewahi kukusanya chochote nchini ikawapata watoza ushuru wa soko, na mgambo wao, ambao walikuwa na uzoefu wa kuingia ndani mwa watu bila kupiga hodi. Wakahamishiwa sanaa, na virungu vyao.

Wakakusanya kalenda. Wakakusanya vitambaa vya meza vilivyodariziwa, ndege wa udongo, na kibao cha kinyozi chenye vichwa vya mitindo yote, hata kinyozi akabaki ananyoa kila mtu upara kwa kukosa pa kuonyeshea. Ndipo mmoja wao akasikia kwa mtu kwamba kwa mjane wa Fundi Mbaruku kuna ubao.

*

Siku ya gulio Bi Sikuzani alivaa kanga zake za doti mpya akaenda Jumbani kumwona mwanawe. Alikuta foleni ndefu, maana asiyekuwa na muhuri wa kuthamini hakuruhusiwa kuuza hata fungu la mchicha. Mlangoni Dakta Ngulumbi mwenyewe alikuwa anafundisha.

"Mkono mmoja kidevuni, wa pili kiunoni. Kichwa kielekee upande, kama unamsikiliza mtu aliye chini ya meza. Halafu mnaguna: mmmh. Mara moja! Mguno wa kwanza ni uthamini. Wa pili ni malalamiko."

Ndani kulikuwa bado kunanuka vumbi la mahindi, na panya walioachwa na ghala walikuwa wanapita chini ya ukuta wakithamini. Ukuta wa mbele wote ulikuwa wa picha ya Mlezi, kubwa kama lango la gereza. Ubao wa Fundi Mbaruku ulikuwa ukuta wa kulia. Bi Sikuzani alipofika mbele yake alisahau mkono wa kidevuni na wa kiunoni.

"Semeni," alisema, "umeamka?"

"Nani anaongea na mali ya serikali?" Dakta alikuja mbio.

"Ni mimi, mheshimiwa. Huyu ni mwanangu."

"Hapa hakuna mwana wa mtu, bibi. Soma." Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa chini. "Hii ni Familia ya Mchapakazi katika Mwanga wa Maendeleo. Mthamini akimjua mtu aliyemo ndani ya picha, uthamini umeharibika. Anaona mtu, sanaa haioni."

"Basi hata kumwangalia nisimwangalie?"

"Mwangalie. Lakini mwangalie kitaalamu."

Bi Sikuzani alishika kidevu. Aliinamisha kichwa. Alilitazama lile pengo, na muhindi, na soksi, na jicho moja ambalo Fundi alilichora kubwa kuliko jingine kwa sababu rangi ilimchuruzika. Kisha akaguna. Ulikuwa mguno mmoja, wa kufuata sheria, ila ndani yake mlikuwa na maneno yote, pamoja na salamu za baba mtu. Dakta aliridhika. Alisema mama huyu ana kipaji.

Basi ikawa hivyo kila siku ya gulio. Kidawa alimtania: "Shoga, wenzio tunaenda kuthamini kwa muhuri, wewe unakwenda umepaka wanja! Una bwana ukutani?"

"Nina mwana ukutani," alijibu Bi Sikuzani, na siku hizo aliweza hata kucheka.

*

Kisha ukaja Mwaka wa Kubana Matumizi.

Hapa ni lazima ijulikane kwamba Tulizana kulikuwa na Sheria ya Heshima ya Ukubwa, ambayo iliamuru kwamba katika jengo lolote la umma picha yoyote isiwe kubwa kuliko picha ya Mlezi. Sheria hiyo haikuwahi kumsumbua mtu, kwa kuwa picha ya Mlezi ilikuwa kubwa kuliko majengo mengine yenyewe. Lakini mwaka huo Mlezi alisimama redioni.

"Ndugu zangu, nchi yetu ni maskini. Lazima tubane. Na mimi, kama mzazi mwema, nitaanza kujibana mwenyewe."

Nchi nzima ilishusha pumzi. Watu walidhani atapunguza magari ya msafara, au makasri, au mashangazi waliokuwa mabalozi. Mlezi alipunguza picha. Aliamuru picha zake zote zishushwe, na mahali pake pawekwe picha mpya, za karatasi nyepesi, ukubwa wa sinia la chai. Magazeti yalilia kwa furaha. Yaliandika kwamba hajapata kutokea kiongozi aliyejidogosha hivyo.

Dakta Ngulumbi aliipokea ile picha ya sinia kwa mikono miwili, akaitundika kwenye ukuta mkubwa wa mbele, ikaonekana kama stempu kwenye shuka. Halafu akageuka, akaona kuta nyingine. Kila picha Jumbani ilikuwa kubwa kuliko Mlezi.

Aliita kikao. Alikuja Bwana Kisonge, muuza saruji, ambaye alikuwa Mwenyekiti wa Wapenzi wa Sanaa kwa sababu bila cheti cha kupenda sanaa mtu hapati zabuni. Bwana Kisonge alinunua sana kutoka Jumbani. Kuta za nyumba yake zilijaa, akaanza kulaza picha chini ya kitanda, na wageni wake waheshimiwa walikuwa wanapiga magoti wakizithamini kwa tochi.

"Mimi naona tuombe sheria ibadilishwe," alisema Bwana Kisonge, ambaye hakuwa mzoefu wa vikao.

Dakta aliinuka akafunga dirisha. "Sheria aliiandika nani?"

"Mtukufu."

"Mtukufu hukosea?"

"Ah, hapana! Basi... basi tumkuze tena picha yake."

"Mtukufu kabana, wewe umlegeze?"

Bwana Kisonge alifuta jasho, akasema yeye anaafiki lile ambalo Mkurugenzi atasema, na limwagiwe saruji. Mkurugenzi alimwita Fundi Songoro, seremala, akamwambia aje na msumeno.

Wiki nzima mji ulisikia sanaa ikikatwa. Palikuwa na kundi la tembo likabaki sikio. Palikuwa na mlima mtukufu wa taifa, ukabaki kichaka cha chini. Ngoma ya mavuno ilibaki kisigino. Kibao cha kinyozi kilibaki kichwa kimoja, tena cha mtindo uliopitwa. Dakta, ambaye mwanzoni alikuwa hali, alianza kupata hamu ya chakula, na siku ya kufungua tena alitoa hotuba.

"Zamani, tembo kundi zima lilikuwa picha moja tu. Angalieni ubadhirifu huo! Leo sikio peke yake ni picha. Mtu hachoki macho, hapotei njia, anathamini sikio anakwenda zake. Hii ndiyo sanaa ya nchi inayojibana!"

Bwana Kisonge alinunua mkia wa tembo.

*

Bi Sikuzani alifika na wanja wake. Kwenye ukuta wa kulia alikuta kipande cha ukubwa wa kisahani cha kachumbari, kimewekewa fremu ya dhahabu. Ndani yake kulikuwa na tai ya ile suti ya mumewe. Chini pameandikwa: Tai.

Alitazama kushoto kwa tai. Ukuta. Akatazama ukuta muda mrefu, kisha akaenda kwa Dakta.

"Mheshimiwa, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto alikuwa nje ya vipimo, bibi."

"Alikuwa pembeni, ni kweli. Alikuwa hatulii."

"Umeona? Hata mzazi unakiri."

Alizunguka uani. Fundi Songoro alikuwa amekaa juu ya gogo anapiga randa fremu. Alipomwona alisimama, akaamkia shikamoo, na Bi Sikuzani hakuipokea.

"Songoro. Umemkata mwanangu?"

"Mama, mimi nakata pale ninapochorewa mstari. Na Wallahi sikumgusa hata unywele. Marehemu aliacha nafasi kati yenu na mtoto. Msumeno ulipita hapo kama umealikwa."

"Nakuuliza yuko wapi."

Seremala aliangalia mlango wa Jumba, akaangalia dirisha, akazungumza kama mtu anayeongea na randa yake. Ile picha mpya ya Mlezi ni karatasi nyepesi, na ghala lina unyevu. Haikumaliza siku mbili ukutani, Mlezi alikuwa amejikunja kama msokoto wa tumbaku. Dakta nusura azimie. Alitaka kitu kigumu cha kubandika nyuma, upesi, na kiwe na ukubwa uleule, kisizidi wala kisipungue. Songoro alipima vipande vyote. Kilichokaa sawa kilikuwa kichwa na mabega ya Semeni.

"Yuko nyuma ya Mtukufu," alisema Bi Sikuzani polepole.

"Yuko nyuma yake."

"Na uso?"

Songoro alishika randa bila kuipiga. "Upande wa rangi haushiki gundi, mama. Nilibandika karatasi upande wa mgongo. Kwa hiyo yeye... kaelekea ukutani."

Bi Sikuzani alikaa chini, palepale kwenye vumbi la mbao. Seremala aliingia ndani ya banda lake akatoka na kipande kirefu chembamba, akampa. Alisema alikuwa amekitenga azibie banda la kuku, lakini alipoiona ile soksi mkono wake ulikataa. Ilikuwa miguu ya Semeni, kutoka magotini kwenda chini.

"Shikamoo yako marahaba," alisema Bi Sikuzani, akafunga miguu ya mwanawe kwenye kanga, akaenda nayo nyumbani kwenye mlango ambao ulikuwa bado umeegemea mpapai.

*

Alirudi kwa Dakta akiwa amekwisha kupanga maneno njia nzima. Alisema hataki ubao urudi. Suti wakae nayo, kiti wakae nacho, na tai. Anaomba kitu kidogo tu: siku moja picha ya Mtukufu ishushwe kidogo, igeuzwe, amwone mtoto, irudishwe. Hata vumbi lenyewe lingepata kufutwa.

Dakta aliweka kalamu chini.

"Bibi, kaa. Unajua picha ya Mlezi hushuka lini ukutani?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Ilishushwa mwaka huu kwa amri yake mwenyewe. Bila hiyo, hushuka kwa mambo mawili. Ama Mlezi amefariki, ama Mlezi amepinduliwa. Sasa wewe unaomba ishuke. Nieleze kwa kinywa chako mwenyewe: unaomba lipi kati ya hayo?"

"Mimi naomba kumwona mwanangu."

"Hilo halimo."

Mgambo aliyekuwa mlangoni alisogea hatua moja ndani. Bi Sikuzani aliangalia kirungu, akaangalia zulia.

"Basi siombi kitu," alisema.

"Unamtakia Mtukufu maisha marefu?"

"Namtakia."

"Marefu kiasi gani?"

"Anayoyataka mwenyewe."

"Hongera, bibi. Unakua kisanaa."

Kidawa aliposikia habari hiyo alitukana mpaka mafuta yakaungua. Kisha alipoa, akasema kile ambacho watu wa Tulizana husema mwishoni mwa kila jambo. "Mwenye nguvu mpishe, shoga. Ngoja tu. Hata yeye ana siku yake, na siku hiyo picha zitashuka zote. Wewe uwe hai tu."

Hilo Bi Sikuzani alilishika. Akawa anakula vizuri, anajifunika baridi, anakunywa mwarobaini, ili amshinde Mlezi kuishi. Na siku za gulio alikwenda Jumbani, akapita sikio na kisigino na tai bila kusimama, akaenda moja kwa moja mbele ya picha ya Mlezi. Alishika kidevu. Aliitazama ile karatasi kama mtu anayetazama pazia, machozi yakimtoka, akaguna mara moja.

Wathamini wengine walikuwa wakipita mbele ya Mlezi kwa hatua ya haraka, ya kutotaka kujulikana. Kumbe yupo mmoja anayesimama! Tena analia! Dakta aliandika taarifa mkoani, mkoa ukaandika makao makuu, na haikupita muda mrefu Bi Sikuzani akatangazwa Mthamini Bora wa Taifa. Siku ya kuvishwa nishani Mlezi mwenyewe alikuja.

Barabara ilizibwa mashimo asubuhi hiyo, ikafukuliwa jioni ili vifaa virudishwe. Mlezi aliingia Jumbani akiwa mfupi kuliko picha zake za zamani na mkubwa kuliko ya sasa. Alimkuta mwanamke mzee amesimama mbele ya ukuta, mkono kidevuni, kama wale wa ughaibuni. Leso ikamtoka tena.

"Mama," alisema kwa upole, na redio zote zikamrekodi. "Hebu niambie. Ukitazama picha yangu, unamwona nani?"

Dakta alifumba macho. Bi Sikuzani alimtazama Mlezi, akawatazama mgambo, akaona kwamba hana neno lingine alilobakiza.

"Namwona mwanangu, Mtukufu."

"Mmesikia!" Mlezi aligeukia watu wake. "Mnaona elimu waliyo nayo hawa wasiosoma? Mimi ni mwana wa kila mama katika nchi hii! Mama, omba chochote."

Bi Sikuzani alifungua mdomo. Pengine angesema. Kidawa, aliyekuwa dirishani na kapu lake, aliapa baadaye kwamba alimwona akianza kusema neno "igeuzwe". Lakini Mlezi alikuwa na moyo mwepesi na hakupenda kungojea.

"Usiseme, najua! Unaogopa siku moja watu wabaya wataniondoa ukutani, wakunyime mwanao. Ng'o! Hata nikifa mimi, picha hii haitashuka. Ijengewe humo humo ndani ya ukuta!"

Bwana Kisonge, Mwenyekiti wa Wapenzi wa Sanaa, alijitolea saruji palepale. Ilipakwa pande zote nne mbele ya macho ya Bi Sikuzani, na kwa heshima alipewa mwiko apake ya kwanza. Wapiga picha walisema mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa furaha.

*

Mlezi alikufa baada ya hapo, kitandani, kwa shibe. Alifuata Mlezi mwingine, naye akaagiza picha za mtangulizi wake zishushwe nchi nzima. Zilishuka zote isipokuwa moja, maana saruji ya Kisonge, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ilishika. Wakaipiga chokaa pamoja na ukuta mzima.

Dakta Ngulumbi alifanywa balozi katika nchi isiyo na sanaa. Bwana Kisonge alifungwa kwa muda mfupi, akaachiwa, sasa anauza chokaa. Picha zake bado ziko chini ya kitanda. Fundi Songoro alimaliza banda la kuku kwa kipande cha tembo, na kuku wanataga. Kidawa anapika vitumbua palepale. Muuza mkaa alinyang'anywa kofia.

Jumba la Sanaa liko wazi siku za gulio. Watu wakifika huenda kwanza kwenye ukuta mweupe wa mbele, kwa sababu walimzoea Mthamini Bora akisimama hapo, wanashika kidevu, wanaguna mara moja, wanagongewa muhuri.

Bi Sikuzani bado huja, anasimama nao. Siku hizi akiulizwa mtoto alifananaje hutaja muhindi na pengo, kisha hunyamaza, akaanza tena na muhindi. Mlango wake uliliwa na mchwa kwenye mpapai, anatumia kanga. Ile miguu iko ndani, ukutani, juu ya mafiga. Asubuhi kabla ya kuwasha moto huitazama. Soksi moja imeshuka.